Bundi na Watoto: Uchunguzi wa Jina la Babewatoto

Katika kamusi za zamani za Kiswahili mna jina moja la ndege ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Jina hilo ni babewatoto, na maana yake iliyoandikwa ni bundi. Mtu akiligawa neno lenyewe hupata maneno matatu: babe, yaani baba kwa matamshi ya kale; kisha wa; kisha watoto. Basi ndege ambaye kilio chake juu ya paa huwafanya watu wazima wanyamaze na kutazamana, huyo ndiye aitwaye baba wa watoto. Mambo haya mawili hayapatani kwa mtazamo wa kwanza. Mjumbe wa mauti amepataje jina la mzazi? Swali hilo ndilo nitakalolifuata katika makala haya, na kwa kuwa jibu lake haliko pwani yetu peke yake, itanilazimu kumchukua msomaji mbali kidogo, mpaka Bara Arabu na Rumi na hata kaskazini ya Japani, kabla ya kumrudisha Bagamoyo.

Kwanza tumtazame ndege mwenyewe. Bundi wako wa aina nyingi, na kisiwa cha Pemba kina wake mdogo asiyepatikana mahali pengine po pote duniani. Mtu aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya elimu ya viumbe alikuwa Pakenham, mwaka 1937. Lakini yule anayekaa karibu zaidi na wanadamu ni bundi mweupe wa darini, mwenye uso wa umbo la moyo. Huyu hajengi kiota. Hutaga katika dari, katika mashimo ya mibuyu, na katika magofu ambayo pwani yetu imejaliwa kuwa nayo mengi. Hali nafaka wala matunda. Chakula chake kikubwa ni panya. Kingo za manyoya ya mbawa zake zina nyuzinyuzi laini zinazovunja sauti ya upepo, hata hupita juu ya kichwa cha mtu asisikike. Sauti yake si mlio wa ndege bali ni ukelele mkavu, kama wa mtu anayekabwa koo. Tena ndege walio wengi wana macho ubavuni mwa kichwa, naye ana yote mawili mbele, kwa hiyo akikutazama hukutazama kama mtu. Kiumbe mwenye uso wa mtu, sauti ya mtu na mwendo usio na sauti, aliyechagua kuishi mahali watu walipohama, hakuhitaji msaada mwingi ili aogopwe.

Hata hivyo hofu ya bundi ina mizizi katika lugha pia. Katika Kiswahili cha kale neno ndege lilikuwa na maana mbili: kiumbe arukaye, na dalili ya jambo litakalotokea. Msafiri aliweza kusema kwamba amepata ndege njema au ndege mbaya, asiwe na kuku wala njiwa moyoni. Mambo ni hayo hayo kwa Kiarabu, ambamo tiyara, yaani kuamini mkosi, hutokana na neno la ndege. Wayunani waliita ndege ornis, na kwa neno lilo hilo waliita ishara ya bahati. Nao Warumi waliita uaguzi auspicium, maana yake kutazama ndege. Watu wa bahari mbili wasiokuwa na lugha moja walitazama juu wakaona barua zao zikiruka.

Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa na imani iitwayo hama. Walisema kwamba mtu akiuawa na damu yake isilipwe kisasi, hutoka kichwani mwake ndege kama bundi, naye hukaa juu ya kaburi akililia maji mpaka damu ya mwuaji imwagwe. Hapa bundi ni jambo la ukoo. Anawadai wana wa marehemu deni lao, na kila usiku wanaolala bila kulipa wanaaibishwa na mlio wake. Uislamu ulipokuja ulikata shina la kisasi cha namna hii, na katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari imo ile ambayo Mtume amekana hama pamoja na tiyara. Yaani kwa sheria bundi aliachiwa huru zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita. Msomaji wa pwani ajua mwenyewe jinsi hukumu hiyo ilivyotekelezwa. Kuna majumba ambamo Hadithi hiyo husomwa mchana, na usiku bundi akilia juu ya paa hufukuzwa kwa mawe.

Al-Damiri, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1405, aliandika kitabu kikubwa juu ya maisha ya wanyama, na katika mlango wa bundi ameyataja majina ya heshima ya bundi jike. La kwanza ni Umm al-kharab, mama wa magofu. La pili ni Umm al-sibyan, mama wa watoto. Hapa ndipo penye ufunguo wa mlango wetu, kwa maana Umm al-sibyan si jina la bundi tu. Ni jina la jini wa kike ambaye Waarabu walisema huwakamata watoto wachanga na kuwatia kifafa. Jini huyu alivuka bahari zamani, akakaa kwetu kwa jina la Subiani, na mpaka leo wako waganga wanaomwandikia makombe. Kwa hiyo katika Kiarabu ndege wa usiku na adui wa watoto walishiriki jina moja, na jina lenyewe ni la mzazi, kama lilivyo letu.

Wayahudi nao walikuwa na Lilith, pepo wa kike wa usiku, ambaye katika masimulizi yao huwaua watoto wachanga. Na ili kumzuia walitundika katika chumba cha mzazi hirizi zenye majina ya malaika watatu. Jina lake limo mara moja tu katika Biblia ya Kiebrania, katika Isaya, sura ya 34, mahali palipoelezwa nchi iliyoharibika. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 walipofika hapo waliandika jina la bundi mwenye ukelele. Waliotengeneza Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, waliweka babewatoto. Mimi huona kwamba ama kwa kusudi ama kwa bahati walifanya kazi nzuri kuliko wenzao, kwani Kiingereza kilitoa ndege na kumpoteza pepo, lakini Kiswahili kilikuwa na neno lililowachukua wote wawili kwa pamoja.

Twende sasa Rumi. Huko palikuwa na kitu kiitwacho strix. Kilikuwa ndege wa usiku mwenye mdomo wa kupinda, kichwa kikubwa na macho ya kukodoa, na chakula chake kilikuwa damu ya watoto walioachwa peke yao. Mshairi Ovidius, aliyezaliwa mwaka 43 K.K., amesimulia habari za Proca, mtoto wa mfalme, aliyekuwa na siku tano tu duniani. Ndege hao waliingia chumbani wakamnyonya; yaya akasikia kilio, akaja mbio akaona alama za kucha mashavuni na rangi ya mtoto imekuwa kama ya jani la mwisho wa mwaka. Akaitwa Crane, ambaye kwa maneno yetu tungemwita mganga. Naye aligusa miimo na kizingiti kwa majani, akanyunyiza maji yenye dawa mlangoni, akashika matumbo mabichi ya nguruwe mchanga akawataka ndege wayapokee hayo badala ya mtoto, moyo kwa moyo. Mwisho akaweka tawi la mti wa miiba katika dirisha dogo. Mtoto akapata rangi yake tena. Mtu aliyewahi kuona mtoto wa pwani akifukizwa na kufungwa hirizi hataona ugeni katika hadithi hiyo ila nguruwe.

Plinius, aliyefariki mwaka 79 B.K., na ambaye alikuwa tayari kuandika karibu kila jambo aliloambiwa, alikiri kwamba hakujua strix ni ndege gani hasa. Ukiri huu una thamani kubwa. Unatuonyesha kwamba hofu ilikuwako kwanza, ikatafuta mwili wa kuvaa. Baadaye neno hilo lilizaa strega, ambalo kwa Kitaliano ni mchawi wa kike. Na mwaka 1758 Linnaeus, alipopanga viumbe kwa majina ya Kilatini, aliwapa bundi jina la Strix bila kujali mashitaka yaliyokuwa ndani yake.

Basi tuna mataifa manne, Warumi, Wayahudi, Waarabu na Waswahili, na katika yote manne ndege wa usiku anahusishwa na mtoto mgonjwa. Si haba kudhani kwamba mmoja amemwiga mwenziwe, na baina ya Waarabu nasi hapana shaka mengi yalipokewa. Lakini kuiga peke yake hakutoshi. Watu hawaigi hofu isiyokuwa na kazi nyumbani kwao. Nadhani yatupasa kuuliza ni nani katika mji wa zamani aliyemsikia bundi. Waliolala hawakumsikia. Aliyemsikia ni yule aliyekuwa macho saa nane za usiku, naye alikuwa macho kwa sababu ana mgonjwa. Mji mzima umezimwa, na nyumba moja tu ina taa. Taa huita wadudu, wadudu huita mijusi, na mabaki ya uji wa mgonjwa huita panya. Bundi huenda penye riziki yake. Wajerumani walikuwa na bundi mdogo waliyemwita ndege wa mauti, na katika mlio wake walisikia maneno ya lugha yao yenye maana ya kwamba njoo nami. Na wataalamu wao wamekwisha kueleza kwamba ndege huyo alivutwa na wadudu waliozunguka dirisha lenye mwanga, nalo dirisha lenye mwanga usiku kucha lilikuwa la mtu mahututi. Asubuhi watu wakizika walikumbuka mlio. Usiku ambao bundi alilia na mgonjwa akapona haukuhesabiwa.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa gani? Kiswahili kimetuhifadhia jibu katika neno jingine. Mtoto mdogo aliyeshikwa na homa kali hufika mahali macho yakamgeuka juu, mikono ikakunjika na kupigapiga, vidole vikapinda, mwili ukakakamaa. Hali hii huitwa degedege, na zamani iliitwa pia dege au ndege kwa ufupi. Neno hilo hilo pia ni jina la mdudu wa usiku kama nondo, aliyedhaniwa kuwa hupita juu ya mtoto aliyelala na kumwachia ugonjwa. Aliyempa mtoto huyu jina la ndege alikuwa na macho mazuri, alieleza alichokiona. Kwa sehemu kubwa ya pwani yetu chanzo cha hali hiyo kilikuwa malaria iliyokwisha kupanda kichwani.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini, maana wako wanaoyacheka mambo haya na kuyaita upuuzi wa wazee. Wazee walisema kwamba kiumbe mwenye mbawa huja usiku, huingia kwa dirisha, hunywa damu ya mtoto, na mtoto hushikwa na homa na degedege akafa. Mwaka 1897 Ronald Ross alionyesha kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya tumbo la mbu. Tuyaweke maneno hayo mawili pamoja. Mbawa ni kweli, usiku ni kweli, dirisha ni kweli, damu ni kweli. Hata Rumi, iliyozungukwa na mabwawa, ilikuwa mji wa homa, na neno malaria lenyewe ni la Kitaliano, maana yake hewa mbaya. Wazee walikuwa karibu sana na ukweli. Mshitakiwa tu ndiye hakuwa yeye. Mwenye hatia alikuwa mdogo mno kwa macho ya mashahidi, wakamkamata yule mkubwa aliyesimama juu ya paa akingoja panya.

Kosa hilo la kumtambua mtu asiye ndiye liliwagharimu watoto wengi. Katika miaka ya 1990 watafiti walipowauliza wazazi wa wilaya ya Bagamoyo, waliambiwa kwamba homa ni ugonjwa wa hospitali, lakini degedege ni jambo la mashetani, na mtoto mwenye degedege alipelekwa kwa mganga kwanza. Wengi waliogopa kwamba mtoto huyo akidungwa sindano atakufa. Sioni kwamba wazazi hao walikosa mapenzi au akili. Walikuwa na majina mawili ya ugonjwa mmoja, na kila jina lilikuwa na njia yake. Jina moja lilielekea hospitali na la pili lilielekea kwa mganga, na baina ya njia hizo mbili zilipita saa ambazo mtoto hakuwa nazo. Mwanafunzi wa lugha akiulizwa kazi yake ina faida gani, na ataje hayo.

Turudi sasa kwenye jina lenyewe. Kwa nini baba? Jambo moja ni la wazi. Kitu kinachotisha hakitajwi kwa jina lake, hasa usiku. Wazee huwakanya watoto wasimtaje nyoka baada ya jua kuchwa, wamwite kamba. Na namna bora ya kumsemesha adui asiyefukuzika ni kumpa jina la jamaa. Wahindi waliiita ndui Mata, yaani mama, wakamtengea mahali pa kuabudiwa kwa jina la Shitala, ili awahurumie wana. Umm al-sibyan ni heshima ya namna hiyo, na babewatoto vilevile.

Lakini Waswahili hawakufasiri Kiarabu neno kwa neno, kwani hapo tungekuwa na mama wa watoto. Walimfanya mwanamume. Kwa sheria na desturi ya pwani mtoto ni wa ukoo wa baba. Mama humlea, lakini baba ndiye mwenye haki ya kuja kumchukua. Anayeitwa baba wa watoto hamwibi mtoto, bali anakuja kudai kilicho chake. Mama anayelisikia jina hilo gizani, na mwanawe anaungua kwa homa mapajani, haambiwi kwamba kuna mwizi nje. Anaambiwa kwamba yuko mwingine mwenye haki juu ya mtoto huyu. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu jina hilo lilidumu katika nyumba ambazo kila mama alikuwa amezika mmoja au zaidi. Liliwasaidia watu kusema jambo ambalo kwa maneno ya kawaida halisemeki.

Mtu asidhani, kwa hayo, kwamba uso wa bundi lazima uzae hofu. Waathene walimweka katika sarafu yao ya fedha ya drakma nne, iliyopigwa kwa fedha ya machimbo ya Laurion, naye alisimama humo pamoja na tawi la mzeituni kwa kuwa alikuwa ndege wa Athena, mlinzi wa mji. Plutarkhos asimulia kwamba kabla ya vita vya baharini vya Salamis, mwaka 480 K.K., bundi alitua katika mlingoti, na mabaharia wakapata moyo. Hata sarafu ya euro moja ya Uyunani iliyoanza kutumika mwaka 2002 inayo sura yake. Huko Bengal bundi mweupe akiingia nyumbani hupokewa kwa furaha, maana ndiye kipando cha Lakshmi, mungu wa kike wa mali na neema ya nyumba. Ingawa kwa Kihindi kumwita mtu bundi ni kumwita mpumbavu.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Waainu, wenyeji wa kale wa kisiwa cha Hokkaido. Kwao bundi mkubwa mvuvi ni mungu mlinzi wa kijiji. Mwaka 1923 kilichapishwa kitabu cha nyimbo za miungu yao, kilichoandikwa na msichana wa Kiainu, Chiri Yukie, aliyefariki mwaka uliotangulia akiwa na umri wa miaka 19. Wimbo wa kwanza ni wa bundi, na msimulizi ni bundi mwenyewe. Aruka juu ya watoto wanaocheza kwa pinde. Watoto wa matajiri wana mishale ya dhahabu, na mtoto wa maskini ana mshale wa mti, nao wamcheka. Bundi ajiepusha na mishale ya dhahabu na kuupokea ule wa mti kwa hiari yake, aanguke mikononi mwa yule maskini. Mtoto ampeleka kwao kwa heshima. Wazee wampokea kwa machozi na kumsujudia. Na usiku, wote wamelala, bundi aijaza nyumba hiyo vitu vya thamani. Mambo yote ya hadithi ya Proca yamo humu: bundi, usiku, mtoto, nyumba, dirisha la kupitia. Ila huku bundi hakuja kuchukua.

Tofauti hiyo haikutokana na ndege. Kule Hokkaido, nchi ya baridi na mito ya samaki, bundi alijulikana kama mvuvi mwenza, na pwani yetu alisikika tu na watu waliokuwa macho kwa msiba. Siku hizi katika mashamba ya michikichi ya Malaysia bundi mweupe hutengenezewa masanduku ya kutagia ili apunguze panya, na tangu mwaka 2002 wakulima wa Israeli na wa Jordan wamekuwa wakishirikiana kufanya vivyo hivyo, ijapokuwa katika vijiji vya Kiarabu jina la Umm al-sibyan halijasahauliwa na wote. Kwetu bundi bado hupigwa mawe, na asubuhi yake panya huonekana ghalani.

Jina la babewatoto sasa limebaki zaidi katika kamusi na katika ule mstari wa Isaya. Watu husema bundi, neno lisilomtaja mtoto wala mzazi. Degedege bado liko midomoni mwa kila mtu, na katika zahanati za pwani mama huingia na mtoto begani akalitamka mlangoni, naye mwuguzi huandika malaria katika daftari.